Mto Hufa kwa Kukosa Pumzi

Wanafunzi wakiulizwa kinachoua samaki mtoni hujibu upesi: uchafu. Hiyo ni nusu ya jibu. Maji taka yamwagwapo mtoni, bakteria huyala mabaki yaliyomo, na katika kula huko huimaliza oksijeni ambayo samaki huitegemea. (Kitenzi “kumwaga” chatuhadaa, kilichomwagwa hatukioni tena, tukadhani kimekwisha.)

Mji mdogo kama Nyeri, ulio kando ya Mto Chania ambao maji yake huishia Tana, huhitaji mtambo ili ulaji huo ufanyike kwanza nchi kavu. Wavu wa chuma huzuia matambara, mchanga na tope hutuama, kisha bakteria hupewa hewa na muda wa kushiba. Kanuni za mwaka 2006 ziliweka kikomo: lita moja irudishwayo mtoni isidai zaidi ya miligramu 30 za oksijeni katika siku tano.

Lakini mtambo husafisha kile tu kinachoufikia. Nyumba isiyo na bomba la maji taka, na lori la kunyonya vyoo limwagalo mzigo wake kichakani usiku, huugeuza kuwa pambo. Wakubwa hupenda kuzindua mitambo. Gharama ya kuunganisha nyumba huachiwa mpangaji na mwenye nyumba wavutane.

Mwalimu, wapeleke wanafunzi wako wakayaone maji yaingiayo mtamboni na yale yatokayo. Kisha wamwulize msimamizi ni nyumba ngapi mjini zilizounganishwa.