Ng'ombe akichechemea, tazama anaposimama

Kwa mgeni aliyetoka Nairobi, Eliye Springs ni mahali pa kustaajabisha. Umetoka Lodwar, umepita mchanga na mawe chini ya jua kali, kisha unaona mikoma imesimama ufuoni mwa Ziwa Turkana na maji matamu yakibubujika ardhini. Mbuzi, kondoo na punda hawahitaji kuonyeshwa njia ya kuyafikia.

Mahali kama hapo panaweza kumfunza jambo mtu wa mjini aliye na ng'ombe wa gredi nyuma ya nyumba yake. Mnyama anayetembea juu ya mchanga mkavu huwa na kwato ngumu. Yule anayesimama ndani ya tope na samadi usiku na mchana, ngozi ya miguu yake hulainika mithili ya vidole vya mama aliyefua nguo kutwa. Hapo ndipo adui hupata mlango.

Adui huyo ni nani?

Ugonjwa wenyewe huitwa kuoza kwato. Kwa ng'ombe, mkosaji mkuu ni bakteria aitwaye Fusobacterium necrophorum. Yeye si mgeni zizini, kwani hukaa tumboni mwa ng'ombe na kutoka pamoja na samadi. Hewa humdhuru, kwa hivyo hustawi ndani ya kidonda kilichozibwa na tope. Jiwe au mwiba ukikata ngozi iliyo katikati ya kwato, basi ameingia. Mguu huvimba, ngozi hupasuka, na harufu yake haikai kando yako.

Kwa kondoo na mbuzi, ambao ni akiba ya jamaa nyingi za Turkana, kuna mwingine: Dichelobacter nodosus, aliyetambuliwa na W. I. B. Beveridge huko Australia mwaka wa 1941. Huyu hawezi kuishi udongoni kwa muda mrefu. Husafiri na mnyama mgonjwa, akaacha maambukizo pale wengine watakapokanyaga. Kwa hivyo hata katika nchi kavu, tope lililo kando ya maji, ambapo makundi mengi hukutana, laweza kuwa mahali pa kuambukizana.

Wa tatu ni jamii ya Treponema, anayehusishwa na kidonda chekundu nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Ugonjwa huo ulielezwa kwanza nchini Italia mwaka wa 1974 na Cheli na Mortellaro. Vijidudu hivi ni wa ukoo mmoja na vile vya buba na kaswende, lakini usiingiwe na hofu: si vile vile vinavyowapata watu.

Hasara haichelewi

Mbuzi asiyeweza kutembea hafiki malishoni, na jamaa inayohama kutafuta majani haiwezi kumbeba kila siku. Mjini nako, ng'ombe anayeumwa mguu hulala tu, hasimami horini, na maziwa hupungua. Kwa nyumba nyingi, maziwa hayo ndiyo karo ya watoto.

Lakini usikurupuke. Ukiona mate yakimdondoka, malengelenge mdomoni na miguu kadhaa inauma kwa pamoja, huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo. Huo huletwa na virusi, huenea upesi sana, na yafaa ofisi ya mifugo ijulishwe mara moja. Kuoza kwato kwa kawaida huanza katika mguu mmoja.

Maziwa ya mgonjwa

Ng'ombe akitibiwa mapema na daktari wa mifugo, mara nyingi hupona kwa sindano za antibiotiki. Hapa ndipo mnunuzi wa maziwa anapohusika. Dawa nyingine huingia katika maziwa, na kila dawa ina siku zake za kungoja kabla maziwa hayajauzwa. Kuyachemsha huua viini, lakini hakuondoi dawa. Mwenye mzio wa penisilini aweza kudhurika, na hata maziwa ya mala huweza kukataa kuganda. Kwa hivyo mwuzaji anayemwaga maziwa ya siku hizo anakuhifadhi wewe na wanao, usimcheke.

Kinga ni kavu

Ondoa samadi kila siku. Tengeneza sakafu yenye mteremko ili mkojo utiririke, na weka mahali pakavu pa kulala. Ondoa mawe makali na vyuma. Kwato ndefu zikatwe na anayejua kazi hiyo. Mnyama mpya, hasa anayechechemea, akae peke yake kwanza. Wafugaji wengine huwapitisha ng'ombe katika maji ya mrututu, kiasi cha gramu 50 kwa kila lita ya maji. Miguu isafishwe kwanza, wala mnyama yeyote asiruhusiwe kuyanywa, hasa kondoo, kwani mrututu ni sumu kali kwake.

Wapo wanaonunua dawa mwezi hadi mwezi huku ng'ombe akirudishwa katika tope lile lile. Fedha hizo zingejenga sakafu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla hujamkama, inama kidogo utazame anasimama juu ya nini.