Nani ajuaye kama mtoto ameshiba?



Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo linalowasumbua akina mama wengi wa huku kwetu Ibadakuli, Shinyanga, na ambalo kwa bahati mbaya hujadiliwa zaidi kisimani na njiani kutoka kliniki kuliko mbele ya watu wenye ujuzi. Jambo lenyewe ni hili: mama atajuaje kama mtoto wake mchanga analishwa kupita kiasi?

Najua wako watakaocheka. Watasema kwamba katika nchi ambayo takwimu za mwaka 2022 zilionyesha watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na wenye uzito uliozidi ni kama wanne tu katika 100, mwalimu huyu anatuletea habari za kulisha mno za nini? Nawaomba wavumilie. Mambo haya mawili hukaa nyumba moja, na mara nyingi humpata mtoto yule yule.

Mama kijana akijifungua hupata washauri wengi. Jumatatu jirani anapita, anamwona mtoto wa miezi miwili mashavu yamejaa, mapaja yana mikunjo, ananyonya karibu kila baada ya saa mbili, na amecheua maziwa begani mwa mama yake. Anasema, "Mayu, mtoto huyu unamnyonyesha mno, utamharibu tumbo." Mama anaogopa, anaanza kumwachisha ziwa kabla hajaridhika. Sasa maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri yanavyonyonywa, yasiponyonywa hupungua. Alhamisi mama mkwe anamsikia mtoto huyo huyo akilia usiku, anasema, "Mwanangu, maziwa yako mepesi, hayamshibishi. Mpikie uji." Basi katika wiki moja mtoto mmoja amehukumiwa kwa makosa mawili yanayopingana, na adhabu ni uji akiwa na miezi miwili.

Jibu la swali langu, kwa jinsi nilivyojifunza kwa wauguzi na katika vitabu, si gumu. Mtoto anayenyonya ziwa la mama yake katika miezi sita ya mwanzo hawezi kunyonyeshwa kupita kiasi kwa maana hiyo ya jirani. Kazi ya kuvuta maziwa anaifanya mwenyewe. Akitosheka hupunguza kasi, hulegeza mikono, huachia ziwa au husinzia. Maziwa yanayotoka mwanzo ni mepesi na humkata kiu, na yale ya mwishoni yana mafuta zaidi, kwa hiyo kumwondoa mapema ni kumnyima sehemu yenye kumshibisha. Kunyonya mara 8 hadi 12, mchana na usiku pamoja, ni desturi ya watoto wachanga wala si ulafi. Kucheua kidogo nako si dalili ya kujaa kupita kiasi. Mlango wa juu wa tumbo lake haujapata kukaza sawasawa. Wala kilio si njaa kila mara. Mtoto hulia kwa joto, kwa usingizi, kwa kulowa na kwa kutaka kubebwa.

Vipo vipimo ambavyo mama anaweza kuvitumia bila mashine. Mtoto anayepata maziwa ya kutosha, baada ya siku chache za mwanzo, hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, na mkojo wake si wa manjano iliyokolea. Asishtuke mama akiona uzito umeshuka kidogo siku za mwanzo. Watoto wengi huurudisha uzito wa kuzaliwa kabla ya wiki mbili kwisha. Kwa kawaida uzito huo huongezeka mara mbili katika umri wa miezi mitano hivi, na mara tatu anapokaribia mwaka. Lakini mtoto anayetapika kwa nguvu kila anaponyonya, maziwa yakiruka mbali, au anayetapika rangi ya kijani, au ambaye uzito unazidi kushuka, huyo si wa kusubiriwa hadi siku ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Basi kulisha mno hutokea wapi? Hutokea pale chakula kinaposhikwa na mkono wa mtu mzima. Mwenye chupa hutazama chupa. Mwenye bakuli hutazama bakuli. Mtoto anageuza uso, anafumba mdomo, anasukuma kijiko kwa ulimi, naye mlishaji anasema "bado kidogo, maliza". Nimeona mtoto akilazwa mapajani chali, kichwa kikarudishwa nyuma, uji ukamiminwa kwa kiganja, na kila alipolia ndipo alipopata mfereji mwingine. Watu wa nyumba walisifu kwamba amekula vizuri. Huko si kula, na uji ukikosea njia huingia mapafuni.

Tena tuutazame uji wenyewe. Tumbo la mtoto mwenye kilo nane hubeba kama mililita 240 kwa mara moja, yaani halifiki chupa ya soda. Ukilijaza kwa uji mwembamba wa mahindi au wa mtama, ambao kwa sehemu kubwa ni maji, hapana nafasi iliyobaki kwa maziwa wala kwa chakula chenye nguvu. Kwa kipimo cha tumbo mtoto huyo amelishwa mno, na kwa kipimo cha mwili ameshinda na njaa. Ndiyo sababu nikasema mambo haya mawili hukaa nyumba moja. Akishatimiza miezi sita, na sio kabla, aanzishiwe vijiko viwili au vitatu vya chakula kizito kisichomwagika kijiko kikiinamishwa, mara mbili au tatu kwa siku, kikiongezwa taratibu hadi nusu kikombe, huku akiendelea kunyonya. Huku kwetu karanga hatuna shida nazo, na kunde na dengu tunalima, na dagaa wa ziwani wanafika kila gulio. Vitu hivyo vikisagwa laini na kuchanganywa katika uji mzito, kiasi kidogo kinatosha.

Sina nia ya kuwashambulia mabibi. Ushauri wa kimataifa kabla ya mwaka 2001 ulikuwa kumwanzishia mtoto chakula kati ya miezi minne na sita, na Shirika la Afya Duniani likausogeza hadi miezi sita kamili mwaka huo. Bibi aliyelea watoto wake miaka ya 1980 anaposema uji wa miezi minne uliruhusiwa, hasemi uongo.

Hata kadi ya kliniki ina historia yake. Vipimo vilivyotumika duniani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kuhukumia uzito wa watoto wachanga vilitokana na watoto wa jimbo la Ohio, Marekani, waliopimwa kati ya mwaka 1929 na 1975, na wengi wao walikuwa wakinyweshwa maziwa ya chupa. Mtoto wa ziwa huongezeka haraka miezi miwili mitatu ya mwanzo, halafu hupunguza mwendo kuliko wa chupa. Akiwekwa katika mstari wa watoto wa chupa ataonekana anabaki nyuma akiwa na miezi minne au mitano, hali hana ugonjwa wowote, na mama ataambiwa amwongezee chakula. Makosa hayo yalisahihishwa mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani lilipotoa vipimo vipya kutokana na watoto wapatao 8,500 wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri. Namshukuru aliyefikiri kuwaweka Waghana na Waomani pamoja na Wanorway, maana ilionekana kwamba watoto wadogo wakitunzwa sawa hukua karibu sawa popote walipo.

Lakini kadi peke yake haisemi kama mtoto amenenepa mno. Uzito ni nusu ya habari. Mtoto mrefu ana haki ya kuwa mzito, na mfupi mwenye uzito huo huo huenda amezidi. Ili kujua hilo lazima apimwe na urefu, akiwa amelazwa kwenye mbao ya kupimia ikiwa hajafika miaka miwili, kisha uzito ulinganishwe na urefu. Ni mara ngapi akina mama tunapanga foleni, mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, nukta inatiwa, na tunarudi nyumbani bila urefu kupimwa wala mtu kutueleza mstari unakwenda wapi?

Na lipo jambo ambalo macho ya mtaani hayawezi kulipambanua kabisa. Uvimbe huweza kudhaniwa unene. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliueleza ugonjwa wa kwashakoo mwaka 1933, ambao sisi tunauita unyafuzi. Jina hilo la kwashakoo alilitoa kwa wenyeji, nao waliutambua kuwa ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani mdogo wake anapokuja. Mashavu huvimba, miguu huvimba, na mpita njia husema "huyu anakula". Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde chache. Shimo likibaki, mtoto huyo ni mgonjwa.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa kama mwalimu. Msimu wa majaruba ya mpunga ukianza, daftari langu la mahudhurio huanza kuwa na mapengo, na mapengo hayo mengi ni ya wasichana. Wenzangu wanaofundisha karibu na machimbo ya Mwakitolyo, na wa upande wa Geita kama Nyarugusu, wanasimulia habari hiyo hiyo, ila kwao hakuna msimu. Mama yuko shambani au mwaloni anaponda mawe na kuchekecha, na pengine mikono yake ina zebaki, hata asingetaka mwanawe aje hapo. Mtoto mchanga ameachwa nyumbani na dada yake wa miaka tisa, pamoja na chupa ya uji na agizo moja: akilia mpe. Yule binti ni mtiifu. Mtoto akilia kwa joto anampa, akilia kwa usingizi anampa, akilia kwa kumtaka mama yake anampa, na jioni chupa ikiwa tupu anasifiwa. Tumempa mtoto wa darasa la tatu kazi ya kujua shibe ya mwenzake, kazi ambayo majirani watu wazima imetushinda, na darasani hayupo.

Si shamba wala mgodi tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na saa zisizozidi mbili kila siku za kwenda kumnyonyesha mtoto. Siku 84 ni chini ya miezi mitatu, na tunaambiwa tunyonyeshe bila kuchanganya kwa miezi sita. Zile saa mbili ndizo daraja la kutuvusha, lakini ni waajiri wangapi wanaozitoa bila kununa? Na mwanamke wa mwaloni, asiye na mwajiri, anadai kwa nani? Bado katika mwaka 2022 watoto 64 katika kila 100 wa umri huo walikuwa wakinyonyeshwa tu, bila kitu kingine. Huo ni ushupavu wa akina mama wenyewe.

Serikali ilikwisha kuona hatari ya ile picha ya mtoto kibonge. Azimio la kimataifa la mwaka 1981 juu ya biashara ya maziwa ya kopo lilikataza picha za watoto za kuyapamba makopo hayo, na kanuni za hapa kwetu zilitungwa mwaka 1994 na kuandikwa upya mwaka 2013. Kwenye makopo tumeizuia picha hiyo, lakini vichwani mwetu bado imetundikwa.

Ombi langu ni dogo. Kila robo mwaka tuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Wahusika wa wilaya na manispaa wahakikishe siku hiyo mbao ya kupimia urefu inafika pamoja na mizani, na mtoa huduma amweleze kila mama mstari wa mtoto wake kwa maneno anayoyaelewa, ikibidi kwa Kisukuma. Wenyeviti wa vijiji nao waulize wazi mkutanoni ni wasichana gani hawapo shuleni kwa sababu ya kulea, na familia zikubaliane zamu za watu wazima katika miezi ile ya kulima. Na mabibi waitwe siku hiyo, wasiachwe nyumbani kutunza moto, maana wao ndio wenye kauli ya mwisho juu ya uji.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ibadakuli, Shinyanga.