Mji Uliochaguliwa na Farasi

Wahenga walisema tembea uone, lakini hawakutuambia tuone nini. Hilo kila msafiri hujichagulia mwenyewe. Yuko anayekwenda Lamu akaona punda, milango ya nakshi na mabuibui, akarudi kwao akadai kuwa ameijua Lamu. Sisi watu wa mwambao twawajua sana wageni wa namna hiyo, na mara nyingi tumewacheka. Basi nami nilipokwenda Tawang niliazimu kutokuwa mgeni wa aina hiyo.

Tawang ni mji mdogo ulioko pembe ya kaskazini mashariki ya India, katika jimbo la Arunachal Pradesh, baina ya Bhutan na Tibet. Uko juu milimani, yapata futi 10,000 kutoka usawa wa bahari. Mtu akitoka tambarare za Assam hupanda kwa gari kwa muda wa siku mbili hivi. Zamani hapakuwa na budi ila kuvuka mlango wa mlima wa Sela, ulio juu ya futi 13,000, ambako theluji hufunga njia. Tangu Machi 2024 liko handaki lililopasuliwa chini yake. Mgeni atokaye nchi nyingine hana ruhusa ya kuingia bila kibali maalumu, kwa kuwa huo ni mpaka wa China. Mwaka 1962 majeshi ya China yaliuteka mji huo kisha yakaondoka, na hadi leo askari wa India wamejaa barabarani.

Wenyeji wa hapo huitwa Wamonpa, nao hufuata dini ya Budha kwa madhehebu ya Kitibeti. Vitabu vya watalii husifu kofia zao za manyoya ya yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye singa ndefu, na ngoma zao za vinyago za sikukuu ya Torgya. Husifu pia chai yao ya siagi na chumvi. Chai hiyo niliinywa, na sitasema uongo: kwa kinywa kilicholelewa kwa kahawa chungu na haluwa, yataka subira. Lakini hayo ni maganda, na kiini cha mji kiko kwengine.

Kiini chake ni ile nyumba kubwa ya watawa iliyoko juu ya kilima. Aliyeijenga ni mwanachuoni wao aitwaye Merak Lama Lodre Gyatso, mnamo miaka ya 1680 na 1681. Wenyeji husimulia kwamba alikuwa akitafuta mahali pa kujenga asipate. Siku moja baada ya ibada akatoka asimwone farasi wake. Alipomtafuta alimkuta amesimama juu ya kilima hicho, naye akaichukua kuwa ni ishara. Jina la Tawang maana yake ni kilichochaguliwa na farasi. Ni Mwislamu gani atakayeisikia hadithi hiyo asimkumbuke ngamia wa Mtume wetu, Swalallahu Alaihi Wasallam, aliyeachiwa hatamu akaenda akapiga magoti pale palipojengwa msikiti wa Madina? Imani zetu na zao ni mbali kama mashariki na magharibi, na wala sikwenda kuzichanganya. Lakini Kitabu chetu kimetufunza kwamba mataifa yameumbwa mbalimbali ili watu wajuane, na kujuana huanzia katika mambo kama haya.

Ndani ya nyumba hiyo imo maktaba. Vitabu vyake havina jalada la kushonwa; ni karatasi ndefu zilizopangwa moja juu ya moja, zikabanwa baina ya mbao na kufungwa kwa kitambaa. Baadhi vimeandikwa kwa wino wa dhahabu. Watoto wa kitawa huketi chini wakavisoma kwa sauti huku wakiyumba, na lau si nguo zao nyekundu ungedhani uko chuoni Siyu au Mambrui. Mila ya zamani ni kwamba mwenye watoto watatu wa kiume humtoa yule wa kati kwa elimu hiyo. Tena herufi wanazosoma si za asili ya lugha yao. Ni za Kitibeti, zilizowajia pamoja na dini. Nasi herufi za Kiarabu zilitujia vivyo hivyo, tukazifanya zetu na kuandikia Kiswahili karne nyingi kabla Mzungu hajatuletea a, e, i, o, u.

Hapo ndipo ninapotaka kusema neno langu.

Wamonpa walikuwa na ufundi wa kutengeneza karatasi uitwao mon shugu. Huchukua gome la ndani la kijiti kimoja cha milimani, wakalikausha, wakalichemsha pamoja na majivu, wakalitwanga hata likawa uji, kisha wakautandaza juu ya wavu na kuuanika juani. Karatasi yake ni ngumu, na wadudu hawaipendi. Ndiyo iliyoandikiwa vitabu vyao, nayo iliuzwa hata Tibet na Bhutan. Karatasi za viwandani zilipokuja, ufundi huo ulififia hata ukakaribia kufa. Ndipo Desemba 2020 shirika la serikali ya India linaloshughulikia kazi za mikono vijijini likafungua karakana Tawang, na vijana wakaanza kufunzwa upya.

Nataka tulipime jambo hili vizuri. Tawang si pepo. Mwezi wa Mei 2016 watu wawili waliuawa kwa risasi za polisi mjini humo, katika maandamano ya kudai aachiliwe mtawa aliyekamatwa, mpinzani wa mabwawa ya umeme. Wala ufundi wa karatasi haukusalimika kwa kuwa watu wa huko ni bora kuliko sisi. Ulikaribia kupotea kama vyetu vinavyopotea. Tofauti ni kwamba walishtuka wakati aliyejua bado yu hai. Laiti wangengoja afe mjuzi wa mwisho, hapana fedha wala karakana ambayo ingeufufua.

Je, sisi? Siyu palikuwa na waandishi wa misahafu, na kazi zao za karne ya 18 na 19 zinasifiwa duniani kwa wino wake mweusi na mwekundu. Nani leo Siyu anakata kalamu ya mwanzi? Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na anayetaka kuiona nakala yake mashuhuri hana budi kwenda Hamburg. Mashairi ya Muyaka bin Haji tunayajua kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika kabla ya wenye kuyahifadhi kwisha. Bila ya mtu huyo mmoja, Mombasa ingebaki na jina la Muyaka tupu.

Wamonpa nao wana malenga wao. Karibu na Tawang, mahali paitwapo Urgelling, ndipo alipozaliwa Dalai Lama wa 6, Tsangyang Gyatso, mwaka 1683. Alipelekwa Lhasa kutawala, akapenda nyimbo za mahaba kuliko kiti, akauzuliwa na kufa mwaka 1706, umri wake miaka 23. Ufalme haukumdumu, ila nyimbo zake zimedumu.

Wako watakaosema kuwa karatasi za nini zama hizi za simu. Nawajibu kwamba simu huhifadhi kile kilichotiwa ndani yake. Utenzi uliomo ndani ya kasha la bibi, unaoliwa na mchwa, haumo katika simu yoyote. Na hata ukipigwa picha leo, ni nani atakayeusoma ikiwa mjukuu hawezi kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu? Huyo mjukuu anahitimu chuoni akiisoma Yasini kwa moyo, na barua ya babu yake inamshinda. Hiyo ni aibu yetu wazazi.

Dawa yake haihitaji serikali. Mwalimu wa chuo atenge saa moja kwa juma awafunze watoto kusoma Kiswahili kwa khati za zamani; herufi wanazo tayari, kazi imebaki nusu. Na mwenye kasha nyumbani alifungue, aanike karatasi, azinakili, amwite mzee anayezijua azisome mbele ya vijana. Wazee hao si wengi, na kila msimu twazika mmoja.