Tumbawe Si Pambo la Sebuleni

Wahenga hawakukosea waliposema majuto ni mjukuu. Mimi wangu nimempata nikiwa na umri wa miaka 16, na leo namleta mbele yenu, walimu na wanafunzi wenzangu, asije akazaliwa nyumbani kwenu pia.

Mjomba wangu ni dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba. Likizo ya Agosti nilimwomba aniletee kitu cha baharini. Si mnajua sisi wa Pioneer bahari tunaiona kwenye kalenda tu! Basi akaniletea tumbawe hai ndani ya ndoo, lenye matawi kama pembe, pamoja na jerikani mbili za maji ya bahari. Alilinunua kwa kijana mmoja ufuoni. Nikalitia katika tangi la kioo sebuleni, na majirani wakaja kutazama. Nilijiona mtu kweli kweli.

Siku ya tatu shina likawa jeupe. Nyama ilikuwa ikibanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, na weupe ukizidi kupanda. Nikafanya nini? Nikamwaga nusu ya maji, nikajaza ya mfereji, nikakoroga chumvi ya jikoni. Kulipokucha ilibaki mifupa mitupu, na harufu, wacha tu! Mama akaamuru lile jiwe litoke nyumbani mara moja.

Kumbe halikuwa jiwe. Mwalimu wetu wa Biolojia alinieleza kwamba tumbawe ni kundi la wanyama wadogo, polipi, wanaojijengea mifupa ya chokaa. Ndani ya nyama yao huishi mwani mdogo sana unaowapikia chakula kwa mwanga wa jua. Joto likizidi, mwani hutoka na tumbawe hupauka, lakini nyama ingalipo na linaweza kupona. Langu lilikuwa likipoteza nyama yenyewe. Mwenye ujuzi hulikata tawi lililo zima, akaliweka kando, kisha akapima maji: chumvi, ambayo baharini ni kama gramu 35 kwa kila kilo ya maji, joto, nyuzi 24 hadi 27 hivi, na chokaa. Hutafuta kilichobadilika, akakirekebisha polepole. Mimi niliongeza balaa juu ya balaa: baridi ya usiku wa Eldoret, maji ya mfereji yenye klorini, na chumvi ya jikoni isiyo na madini mengine ya bahari.

Maoni yangu ni haya: matumbawe yaachwe baharini. Mtasema, ati tawi moja tu lina hasara gani? Mwaka 1998, joto la El Nino liliua matumbawe mengi hata katika mbuga za bahari za Malindi na Watamu, zinazolindwa tangu 1968. Mwaka 2024 yakapauka tena. Aina nyingine hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Kiumbe anayepigwa hivyo na joto, sisi tumwongezee kisu?

Lakini mgala muue na haki yake mpe. Yule kijana wa ufuoni naye anatafuta riziki. Jibu lipo Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, ambako wavuvi wenyewe waliamua kufunga sehemu ya bahari yao mwaka 2005. Samaki wakarudi, na wageni huja kuogelea na kutazama matumbawe yakiwa hai. Tumbawe la ndani ya ndoo huuzwa mara moja tu. Lililo baharini hulisha watu kila mwaka.

Wengine watasema Sosiani yetu humwaga maji yake kuelekea Ziwa Victoria, kwa hivyo mambo ya Bahari ya Hindi hayatuhusu. Mto haufiki, ni kweli. Lakini trela zetu hufika, na pesa zetu zimo ndani. Pasipo mnunuzi hapana muuzaji, na mnunuzi safari hii nilikuwa mimi.

Mifupa yenyewe sasa iko katika maabara yetu. Nendeni mkaitazame. Kisha mjomba akiuliza awaletee nini kutoka Mombasa, mwambieni mabuyu.

Yangu ni hayo.