Grinkadi Si Hati ya Shamba

Wasee, kuna hii tabia yetu inanikera. Mtu ametoka Marekani kuja kuona wazazi, hata usingizi wa safari haujamwisha, na tushaanza: "Si ukae tu kidogo? Kwani haraka ni ya nini na una grinkadi?" Tunaongea ni kama amepewa hati ya shamba, kwamba akishaipata, imeisha hiyo.

Zii. Haijaisha.

Kwa karatasi anaitwa mkaazi wa kudumu. Kadi yenyewe kwa kawaida ni ya miaka 10, so watu wanadhani unaweza kukaa ushago miaka tisa urudi wa kumi. Lakini ile kadi ni ruhusa ya kuishi huko. Ukikaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo, sheria yao inaweza kukuhesabu kama mtu anayeomba kuingia upya. Ukipitisha mwaka, kadi peke yake haikuingizi. Ulifaa kuwa na kibali cha kurudi, na hicho unakiomba ukiwa bado ndani ya Marekani, si ukishafika Kasarani.

Na nani hupanga kukaa miezi saba? Mzazi analazwa. Kesi ya shamba inaahirishwa mara tatu. Mazishi yanafuatwa na matanga, matanga na kikao cha familia. Hapo siku zinayoyoma na hakuna anayehesabu.

Sasa sikieni kuhusu fomu moja inaitwa I-407. Maana yake ni kwamba umeacha ukaazi wako kwa hiari. Hiari! Umekaa kwa ndege karibu masaa 15 kutoka Nairobi hadi New York, umepelekwa chumba cha kando, unaulizwa kazi yako iko wapi, kodi unalipia wapi, mbona ulikaa sana. Halafu unasukumiwa karatasi na kalamu. Hiari gani hiyo?

Hakuna afisa anayeruhusiwa kukulazimisha kusaini hiyo kitu, na hawezi kukufutia ukaazi pale kwa dawati. Ukikataa, wanafaa kukupa wito wa kwenda mbele ya jaji wa uhamiaji, na mpaka kesi iamuliwe wewe bado ni mkaazi. Sisemi ni rahisi, wanaweza kukuzuilia. Lakini kuna watu walisaini kwa sababu walichoka na hawakujua kuna jaji. Hiyo inaniuma kuliko sheria yenyewe.

Saa zingine hata siku hazina maneno. Tarehe 27 Januari 2017 Trump alisaini amri ya kuzuia watu wa nchi saba, Somalia ikiwemo. Kuna wenye grinkadi walikuwa hewani wakati inasainiwa, wakatua wakazuiwa. Eastleigh wengi wana ndugu Minneapolis, so hiyo haikuwa stori ya mbali. Siku mbili baadaye ndio waziri wao wa usalama wa ndani, John Kelly, akatoa taarifa ya kuwafungulia njia. Siku mbili, na mtu aliondoka na funguo za nyumba yake mfukoni.

Najua mtu atasema kila nchi ina haki ya kuchunga mpaka wake. Sawa, ichunge. Lakini huyu si mgeni. Kodi yake mnachukua, watoto wake wako shule huko.

Raia hawezi kukataliwa kuingia kwao, na wengi wanaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano (ukikaa nje zaidi ya miezi sita, hesabu hiyo pia inaweza kuvunjika). Na wale wanaogopa eti watapoteza Ukenya, Katiba ya 2010 ilimaliza hiyo maneno: ukiwa Mkenya wa kuzaliwa, kuchukua uraia mwingine hakukuondolei wa hapa. Ada ni ghali, kweli. Lakini kuna majamaa wamekaa huko miaka 15, kila wakija wananunua ploti nyingine Kitengela, na bado wanarudi na kadi tu mkononi wakiomba afisa asiwe ameamka vibaya.