Tupande Mti wa Vuli Yetu

Kwa bibi zetu wa Pwani, vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Kwetu hapa Uingereza ni majani kupukutika na wiki nzima bila jua. Tunapendekeza chama kipande spindle mbele ya idara. Ni mti wa asili wa huku, unastahimili baridi kali. Vuli ikifika majani huwa mekundu, na matunda ya waridi hupasuka yakaonyesha mbegu za rangi ya chungwa. Yana sumu, tuwaachie ndege. Zamani ulichongwa vijiti vya kusokotea sufu, basi tuuite msokotanyuzi. Kiswahili chetu kikikosa maneno ya mambo ya huku, kitabaki cha kumpigia bibi simu Jumapili tu.