"Ni UTI tu" si jibu: damu kwenye mkojo wa kijana mwenye AS

1/10
Nesi wenu nimerudi, na leo sibembelezi mtu. Uzi ni mrefu, kaa vizuri.

Nina ugomvi na sentensi mbili. Utazisikia kwenye zahanati, kwenye maduka ya dawa na hata kwenye vikao vya familia. Ya kwanza: "Ni UTI tu." Ya pili: "AS haina shida." Kila moja ikisimama peke yake inaweza kuwa kweli. Ila zikikutana kwa kijana mmoja anayekojoa damu, zinaweza kumchelewesha mpaka kusiwe na la kufanya.

2/10
Tuelewane kwanza. Ukirithi kinasaba cha selimundu kwa baba na kwa mama, unakuwa SS, yaani mgonjwa wa selimundu (wengine mnaita siko seli). Ukirithi kwa mzazi mmoja tu, unakuwa AS. Wenye AS wengi wanaishi mpaka uzee bila kuumwa chochote kwa sababu hiyo. Tena AS inakinga na malaria kali. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha hilo mwaka 1954 baada ya kupima watu wa huku kwetu Afrika Mashariki. Ndiyo maana AS ni wengi Kanda ya Ziwa na Pwani, kwenye malaria ya miaka yote.

Kwa hiyo AS si laana, na si sababu ya kumkimbia mchumba. Lakini "si ugonjwa" na "haihusiani na figo" ni maneno mawili tofauti kabisa.

3/10
Sehemu ya ndani ya figo inaitwa medula. Oksijeni huko ni kidogo, chumvi ni nyingi na kuna asidi. Hayo ndiyo mazingira ambayo chembe nyekundu zenye selimundu hujikunja, hata za mtu wa AS. Mishipa midogo inaziba, ncha za ndani za figo zinajeruhiwa, na mtu anaweza kukojoa damu.

Mwaka 1995 wataalamu wa patholojia wa Marekani, Davis, Mostofi na Sesterhenn, walieleza saratani inayoanzia hapo hapo, kwenye medula. Walikuwa na wagonjwa zaidi ya 30 waliokusanywa kwa miaka 22. Umri wao ulikuwa miaka 11 hadi 39. Wote walikuwa weusi isipokuwa mmoja. Baada ya upasuaji waliishi kwa wastani wa wiki 15. Soma tena hiyo: wiki, si miaka.

Wakaiita ugonjwa wa saba wa figo unaotokana na selimundu. Mpaka leo karibu kila mgonjwa wa saratani hii akipimwa anakutwa na kinasaba cha selimundu, na wengi wao ni AS, si SS.

4/10
Sasa njoo huku kwetu. Kijana wa miaka 19 anaona mkojo mwekundu. Hatua ya kwanza, anaficha. Akisema, mtaani ataambiwa ni kisonono. Hatua ya pili, duka la dawa, anapewa vidonge. Hatua ya tatu, kituo cha afya. Mkojo unapimwa kwa kijiti, damu ipo, daftari linaandikwa UTI, sindano siku tano. Damu inapungua yenyewe (damu ya figo ina tabia ya kuja na kuondoka), kila mtu anafurahi. Baada ya mwezi inarudi. "UTI sugu." Dawa kali zaidi.

Nimeshika madaftari ya aina hii mengi tu. UTI ya Januari, UTI ya Machi, UTI ya Mei. Mkojo haujaoteshwa hata mara moja. Hakuna picha ya figo. Na hakuna mstari hata mmoja unaosema mgonjwa ni AS, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

5/10
Jamani, tuseme ukweli. Kijana wa kiume hapati UTI kirahisi hivyo, njia yake ya mkojo ni ndefu. Akipata mara tatu kwa miezi sita, lazima kuna kitu kinasababisha, na kazi yetu ni kukitafuta. Na damu peke yake kwenye kijiti, bila dalili nyingine za maambukizi, si UTI. Ni damu. Imetoka mahali fulani, nenda kaangalie imetoka wapi.

"Lakini huku kwetu ni kichocho." Sawa kabisa, kichocho kipo, na kipo kwenye mikoa ile ile yenye AS wengi. Basi pima kichocho. Kikiwepo, toa dawa, kisha mwite arudi umpime tena. Damu ikiendelea baada ya tiba, huna ruhusa ya kuandika kichocho mara ya pili ukalala usingizi.

6/10
Najua mtakachosema: "Nesi unatisha watu, huo ugonjwa ni nadra." Ni nadra kweli, sitawadanganya. Makadirio ya watafiti wa Marekani ni mtu mmoja kati ya watu 20,000 hadi 39,000 wenye AS. Ukiwa AS na huna dalili yoyote, endelea na maisha yako.

Unadra ni hoja nzuri ya kutompiga picha kila AS mwenye afya njema. Ila siyo hoja ya kumnyima picha yule ambaye tayari anakojoa damu, anaumwa ubavu na suruali zinamdondoka. Huyo ameshatoka kwenye kundi la "AS hana shida". Na hata kama si saratani, atakutwa na jiwe, au kidonda cha figo cha AS yenyewe, au kichocho kilichoharibu kibofu. Picha haipotei bure.

7/10
"Vifaa hatuna." Hapa ndipo hasira inanipanda. Swali la "wewe ni AS? Kwenu kuna mwenye siko seli?" linahitaji kifaa gani? Altrasaundi siku hizi ipo mpaka kwenye vituo vya afya vingi, na inatumika kutwa nzima kuangalia wajawazito. Figo ziko hatua chache tu kutoka hapo. Kwenye saratani hii figo la kulia huathirika zaidi, lakini angalia yote mawili. Altrasaundi ikiwa safi na damu bado inatoka, mpe rufaa ya kipimo cha CT. Uvimbe mdogo wa ndani unaweza kujificha.

8/10
Halafu kuna hili ambalo sijawahi kuona likiandikwa kwenye daftari la mtu. Kila mtoto wa SS anayekuja kliniki ana wazazi wawili waliokaa kwenye benchi hapo nje. Kwa kawaida wote wawili ni AS. Na ndugu zake wasio wagonjwa? Kihesabu, wawili kati ya watatu ni AS. Tunawafahamu kwa sura, wanambeba mdogo wao mgongoni. Tunawaambia "nyie wazima", wanaenda zao. Miaka kumi baadaye mmoja anakojoa damu mji mwingine kabisa, na hajui hata kusema yeye ni nani.

Wapimeni. Na kipimo kiwe cha kutenganisha aina za himoglobini, maana kile cha haraka cha kuangalia tu kama kuna selimundu hakitofautishi AS na SS.

9/10
Kwa wenzangu wa hospitali za rufaa: mkichukua kinyama cha uvimbe wa figo kwa kijana, andikeni "AS" kwenye fomu ya maabara. Herufi mbili tu. Mtaalamu wa patholojia akiziona atajua kutafuta protini iitwayo INI1, ambayo kwenye saratani hii hupotea. Asipoziona, uvimbe unaweza kupewa jina lingine, na jina likikosewa dawa nayo inakosewa. Vidonge vinavyosaidia saratani ya figo ya kawaida hii havifai. Hii inahitaji kemotherapi yenye dawa za jamii ya platinamu, na upasuaji kwa wanaofaa.

Na mgonjwa akifika anakohoa, amekonda, ana tezi shingoni, msikimbilie TB bila kuuliza habari za mkojo. Saratani hii hupenda kwenda kwenye tezi na mapafu, na wengi hugunduliwa ikiwa imeshafika huko.

"Si atakufa tu?" Wengi wanakufa, ndiyo. Lakini ambao uvimbe umekutwa bado uko ndani ya figo wanaishi muda mrefu kuliko wale umeshasambaa, na wapo walioishi miaka. Tofauti hiyo inapatikana kwenye ile miezi tuliyoitumia kuandika UTI.

10/10
Wewe unayesoma, fanya haya:
- Jua kama wewe ni AS. Kama kwenu kuna SS, usisubiri kuoa au kuolewa ndipo upime.
- Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata kama haiumi, nenda. Sema mwenyewe: "Mimi ni AS, naomba figo zangu ziangaliwe."
- Ukipewa dawa ya UTI, imalize, kisha rudi mkojo upimwe tena. Damu ikiwepo bado, usikubali dozi nyingine bila picha.
- Mama, baba: kijana wako akikwambia kuhusu mkojo wake, acha kumuuliza alikuwa na nani. Mpeleke.

Sambaza kwenye magrupu ya familia, hasa yale yenye vijana. Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku.